Betri Mpya, Gari Bado Haliwaki

Gari limelala. Ukipiga starta inatoa mlio mmoja, tak, halafu kimya, na taa za dashibodi zinafifia mpaka hazisomeki. Kila aliyesimama karibu ana jibu moja mdomoni: betri hiyo, badilisha. Betri mpya inafungwa, gari linawaka kwa kishindo, kila mtu anakwenda zake. Wiki chache baadaye gari limelala tena, na lawama anabebeshwa aliyeuza betri.

Mara nyingi betri ya kwanza haikuwa na kosa, na ya pili pia haina. Betri, altaneta (mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka), mkanda unaoizungusha na nyaya zinazoviunganisha ni mfumo mmoja, na ugonjwa wa kimoja huonekana kwenye kingine. Betri isiyojazwa vizuri hufa mapema. Altaneta inayolazimishwa kulisha betri mbovu kutwa nzima nayo huchemka na kuungua. Kwa hiyo kabla hujashika spana, jua kwanza nani anabeba mzigo kwa wakati huo.

Injini ikiwa imezimwa, mbebaji ni betri peke yake: redio, taa, kengele ya wezi, saa. Wakati wa kupiga starta pia ni betri peke yake, na hapo ndipo inapofanya kazi yake kubwa. Starta ya gari dogo la petroli huvuta takriban ampea 100 hadi 200. Ya injini kubwa ya dizeli hupita 300. Ukisikia namba hizo unaweza kudhani kila kuwasha gari kunakausha betri, lakini piga hesabu. Ampea 150 kwa sekunde 3 ni sawa na ampea-saa 0.125 (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa nzima). Kwenye betri ya ampea-saa 60 hiyo ni kama asilimia 0.2. Altaneta ikirudisha ampea 10 tu, deni linalipika kwa dakika moja au mbili.

Kinachoishinda betri iliyochoka ni kasi ya kutoa umeme. Inaweza kuwa na umeme wa kutosha kuimbisha redio saa nzima, lakini ikiombwa ampea 150 kwa mkupuo inaanguka. Ndiyo maana hoja ya “taa zinawaka vizuri, kwa hiyo betri ni nzima” haina maana yoyote. Balbu mbili za taa kubwa huvuta kama ampea 10. Starta inataka mara kumi au ishirini ya hapo.

Injini ikishawaka, altaneta inapokea mzigo wote. Umeme hutoka palipo na volti nyingi kwenda palipo na volti chache, na altaneta ikisukuma volti 14, betri yenye 12.6 haiwezi kutoa kitu. Yenyewe inageuka kuwa mlaji kama taa na feni. Isipokuwa ulaji ukizidi uwezo wa altaneta. Ile namba iliyoandikwa kwenye altaneta, tuseme ampea 90, hupatikana ikizunguka kwa kasi. Injini ikiunguruma pale pale ilipo bila kukanyagwa mafuta, altaneta hiyo hiyo inaweza kutoa nusu tu, au pungufu. Washa taa kubwa, feni ya mwisho, kiyoyozi na kipasha joto cha kioo cha nyuma ukiwa kwenye foleni, na betri inaanza kuchangia kimya kimya huku injini inaunguruma.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Starta ya umeme iliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering. Kabla yake injini ilizungushwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma iliweza kuvunja mkono. Kilichofuata kwa miongo mingi ni dainamo, ambayo injini ikitulia haikutoa karibu kitu. Altaneta ilianza kuenea kwenye magari madogo baada ya Chrysler kuiweka kwenye Valiant ya 1960, na sababu kubwa ni hiyo: hata injini ikitulia, kitu kinapatikana.

Sasa tuifungue betri. Ndani kuna seli 6, kila moja ikiwa na takriban volti 2.1, jumla 12.6. Kila seli ina sahani za risasi na sahani za oksidi ya risasi zilizozama kwenye asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Betri ikitoa umeme, sahani zote zinajipaka salfeti ya risasi na asidi inabaki maji maji. Ikichajiwa, salfeti inayeyuka na asidi inarudi kuwa kali. Ukiwa na kipimo cha uzito wa asidi, betri iliyojaa husoma karibu 1.265, ya nusu 1.190, iliyokwisha karibu 1.120. Seli moja ikisoma chini sana kuliko wenzake baada ya kuchajiwa, seli hiyo imekufa na hakuna dawa.

Salfeti ikiwa mpya ni laini, inayeyuka. Ikiachwa wiki kadhaa inajenga fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi, na sehemu hiyo ya sahani imekwisha kazi. Hivyo ndivyo betri nyingi zinavyokufa: zinaishi miezi mingi kwenye nusu chaji kwa sababu gari linatembea safari fupi, au altaneta inatoa 13.3 badala ya 14.2, au waya umeoza. Zinapouawa upande wa pili, kwa chaji kupita kiasi, dalili ni tofauti. Juu ya volti 14.4 hivi maji ya betri huanza kupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni. Kidogo si neno. Volti zikipita 15 muda wote, maji yanashuka kila wiki, sahani zinabaki wazi, harufu ya yai viza inatanda na ubavu wa betri unavimba. Ukijikuta unaongeza maji kila mara, achana na betri kwanza, kapime altaneta. Na kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa, kamwe si asidi: asidi haivukizwi, ni maji tu yanayopungua. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu chaji inapandisha kimiminika. Ukijaza mpaka juu betri ikiwa tupu, itafurika. Kabla ya kuchaji, ongeza tu kiasi cha kufunika sahani zilizokauka.

Altaneta nayo ina jambo moja ambalo wengi hawalijui: haianzi kutoa umeme mpaka ipewe umeme. Katikati yake kuna rota, koili iliyofungwa kwenye chuma, inayopokea ampea chache kupitia kaboni mbili zinazosugua ringi za shaba. Rota ikizunguka, sumaku yake inazalisha umeme kwenye koili tatu za pembeni. Umeme huo ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo unapitishwa kwenye dayodi, kwa kawaida 6 au zaidi, ili uwe wa upande mmoja. Regyuleta inakaa inapima volti na kupunguza au kuongeza umeme wa rota. Volti zikishuka, sumaku inakazwa, zikipanda, inalegezwa.

Kwenye magari mengi ya mtindo wa zamani, umeme wa kuiamsha rota unapitia kwenye ile taa nyekundu ya betri. Upande mmoja wa balbu uko kwenye swichi ya ufunguo, upande wa pili kwenye altaneta. Ukifungua ufunguo, altaneta imelala, umeme unapita kwenye balbu kwenda kwenye rota na taa inawaka. Injini ikiwaka na altaneta ikaamka, pande zote mbili za balbu zina volti sawa, hakuna kinachopita, taa inazimika. Ukilishika hilo, taa hiyo inakwambia mengi. Isipowaka kabisa ukifungua ufunguo, balbu au waya wake umekatika, na altaneta inaweza isichaji mpaka injini ikanyagwe sana. Ikiwaka kwa kufifia, kama kaa la moto lililofunikwa majivu, pande mbili hazilingani: dayodi imekufa, au waya mnene wa kwenda kwenye betri unapoteza volti njiani. Ikizimika sawasawa, umejua kwamba altaneta inazalisha. Hujajua bado kama betri inapokea.

Kwa hilo unahitaji multimita, mita ya kupimia volti na ampea. Ya bei nafuu inatosha.

Anza gari likiwa limelala saa kadhaa. Kama lilikuwa linatembea, washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, maana betri iliyotoka kuchajiwa inaonyesha volti za juu juu ambazo si zake. Pima kwenye vichwa vyenyewe vya betri. 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Hapo mtu asihukumu kitu. Betri ya 12.0 inaweza kuwa nzima yenye njaa, na ya 12.6 inaweza kuwa mfu.

Hukumu inakuja kwenye starta. Mwambie mwenzako apige starta huku macho yako yako kwenye mita. Kwa betri iliyojaa, katika joto la kawaida, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikianguka hadi 8 au 7 betri imechoka, au starta imejamu na inavuta kupita kiasi. Lakini kama starta haizunguki na mita inabaki 12.4 pale pale bila kutikisika, betri haijaombwa chochote. Tatizo liko kwenye swichi, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini), solenoidi (swichi ya sumaku inayoipa starta umeme) au starta yenyewe. Kipimo hiki cha sekunde tano kingeokoa betri nyingi zinazotupwa zikiwa hai.

Gari likiwaka, pandisha injini mpaka mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Utegemee volti 13.8 hadi 14.7. Kisha washa kila kitu: taa kubwa, feni, kioo cha nyuma. Zikishuka kidogo ni sawa. Zikienda chini ya 13 na kubaki hapo, altaneta haiwezi mzigo. Zikipita 15, regyuleta imeharibika au haisomi volti sawasawa. Ukiwa hapo hapo, geuza mita iwe ya umeme wa kwenda na kurudi. Ikionyesha zaidi ya volti 0.5, shuku dayodi. Mara nyingine redio yenyewe inakwambia, kwa mluzi mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Halafu kinakuja kipimo ambacho ningekiweka mbele ya vyote kama ningechaguliwa kimoja tu, na ndicho kinachorukwa: volti zinazopotea njiani. Taa zikiwa zimewaka na injini imepandishwa, gusisha ncha moja ya mita kwenye nati ya waya mnene wa altaneta, nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Mita haipaswi kupita volti 0.3. Rudia upande wa hasi: ncha moja kwenye bodi ya altaneta, nyingine kwenye kichwa hasi, hapa isipite 0.2. Gusa kichwa chenyewe cha betri, usiguse klempu, kwa sababu tatizo mara nyingi limejificha kati ya viwili hivyo. Ukinzani wa ohmu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuonyesha, unakula volti 0.5 altaneta ikipeleka ampea 50. Altaneta inatoa 14.2, betri inapata 13.7, na haijai kamwe. Ukinzani huo huo ukiwa kwenye njia ya starta, kwenye ampea 150 unakula volti 1.5. Fundi anapima altaneta, iko salama. Anapima betri, iko chini. Anauza betri.

Tiba yake ni ya bure. Fungua klempu, ya hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya isitoe cheche. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa soda ya kuokea iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa, maana tone likiingia ndani linaua asidi. Sugua kichwa na ndani ya klempu mpaka risasi ing'ae, kausha, funga ya chanya kwanza, hasi mwisho, kaza mpaka klempu isizunguke kwa mkono. Grisi inapakwa baada ya kukaza. Fuata pia waya wa ethi mpaka unapoishia kwenye bodi na kwenye injini. Kutu iliyo chini ya boliti hiyo haionekani mpaka uifungue.

Mkanda nao usisahauliwe. Unaopiga kelele sekunde chache baada ya kuwasha kisha ukanyamaza unateleza, na unateleza wakati huo kwa sababu hapo ndipo altaneta inazungushika kwa uzito zaidi, ikirudisha kilicholiwa na starta. Angalia nyufa, mng'ao wa kioo kwenye meno, na dalili za oili. Kuumwagia sabuni au kuupaka nta kunanyamazisha kelele na kuacha tatizo lilipo. Kaboni nazo huisha kwa kusugua. Zikibaki chini ya milimita 5 hivi, chaji huja na kutoweka, na taa nyekundu hupepesa gari likipita kwenye matuta. Kuigonga altaneta na mpini wa bisibisi ikaamka ni ushahidi tosha dhidi ya kaboni. Hizo hubadilishwa peke yake bila kununua altaneta nzima.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa kuzikwa: kuchomoa klempu ya betri injini ikiwa inawaka, eti kuona kama altaneta inachaji. Betri ni kama tangi linalomeza mawimbi. Ukiliondoa ghafla, sumaku ya rota haiwezi kulegea papo hapo, na volti zinaruka hadi makumi kadhaa kwa sehemu ya sekunde. Hiyo inatosha kuua dayodi, regyuleta au kompyuta ya injini. Injini ikiendelea kuunguruma mtu anafurahi, na altaneta inakufa mwezi unaofuata bila kushtakiwa mtu.

Kubusti gari, yaani kuliwasha kwa betri ya gari jingine, nako kuna utaratibu, na una sababu. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri. Muunganisho wa mwisho ndio unaotoa cheche, na juu ya betri panaweza kuwa na haidrojeni inayosubiri. Gari likishawaka, usiamini kwamba mzunguko wa dakika ishirini umeijaza betri. Betri hupokea haraka mpaka asilimia 80 hivi, sehemu iliyobaki huingia kwa matone. Iliyokauka kabisa ipelekwe kwenye chaja, kwa ampea zilizo kama moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya 60 ichajiwe kwa ampea 6, usiku kucha. Kuiachia altaneta kazi hiyo ni kuikimbiza kwa uwezo wake wote kwa saa nzima, na joto ndilo linaloua dayodi.

Kwenye magari mapya, tahadhari moja. Mengi yana kihisi kinachopima umeme kwenye klempu ya hasi, na kompyuta inaamua volti kwa hali ya wakati huo. Gari likiwa kwenye mwendo tulivu na betri imejaa, unaweza kusoma 12.8, ukiachia mafuta linaruka karibu na 15. Hakuna ubovu hapo. Washa taa kubwa uone kama volti zinapanda kabla hujafungua kitu. Chaja na waya mweusi wa kubusti viunganishwe kwenye ethi ya bodi, ili umeme upite kwenye kihisi na kompyuta ihesabu. Na gari lililotoka na betri ya AGM (ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) lirudishiwe AGM, na pale linapotaka, kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kongwe.

Limebaki gari linalopima vizuri kote lakini likilala siku mbili haliwaki. Hapo kuna mlaji wa usiku. Weka mita kwenye kipimo cha ampea 10, ifunge kati ya kichwa hasi na klempu yake, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Usipige starta mita ikiwa hapo. Fyuzi yake itakatika. Gari zuri hula miliampea 20 hadi 50. Kwa 50, ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya 60 inafika nusu baada ya siku 25. Kwa 500, inafika nusu kwa siku mbili na nusu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke, na umempata: taa ya buti isiyozimika, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyonasa, redio iliyofungwa vibaya.

Fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, fikiria waya mnene wa altaneta, ambao mara nyingi haupiti kwenye fyuzi hizo ndogo. Dayodi inayovuja huuachia umeme wa betri urudi kinyume usiku kucha. Kabla ya kufungua chochote, asubuhi na mapema, gari likiwa baridi, weka kiganja juu ya altaneta. Injini nzima itakuwa baridi kama chuma cha jana. Altaneta ikiwa ya vuguvugu, ndiyo inayoinywa betri usiku.